Wazee wa kikundi chetu wamerudi nyuma siku moja, vijana wamebaki palepale. Kompyuta imejuaje nani mzee?

#1 KatibuNgamiani
Wakuu, salaam. Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa Tanga mjini, Ngamiani. Tuna wanachama 214. Tulianza na leja ya karatasi, halafu kijana mmoja akatutengenezea programu ndogo, tukaitumia miaka sita. Mwezi uliopita tumehamia mfumo mwingine. Nilitoa orodha yote kwenye fleshi, nikaipakia kule, ikapokelewa bila neno.

Juzi Mzee Hamisi kaja kuchukua fomu ya mkopo. Fomu inachapwa ikiwa tayari na jina na tarehe ya kuzaliwa. Kaisoma, kavua miwani, kaifuta, kaisoma tena. Akaniambia, "Mwanangu, mimi naitwa Hamisi kwa kuwa nilizaliwa Alhamisi. Hii uliyoniandikia ni siku gani?" Imeandikwa 11 Machi 1953. Nikafungua kalenda ya simu: Jumatano. Nikafungua leja, mwandiko wangu mwenyewe: 12 Machi 1953.

Usiku ule nimekaa na leja mkono huu na laptopu mkono huu, jina kwa jina. Watu 41 wamesogea. Wote wamerudi siku moja, si mbili, si wiki. 40 kati yao wamezaliwa kati ya 1949 na 1960. Waliozaliwa 1965, 1978, 1990 hawajaguswa, isipokuwa mmoja tu wa 1987.

Fomu ikipishana na kitambulisho, mkopo hautoki. Fomu 41 zimekaa mezani na wenyewe wananipigia simu. Naomba mwenye kujua anisaidie.

#2 MpoleWaChumbageni
Pole sana. Aliyeingiza majina alichoka. Ukifika jina la mia macho yanaruka mstari.

#3 KatibuNgamiani
@MpoleWaChumbageni aliyeingiza ni mimi, na kuchoka nilichoka kweli. Lakini programu ya zamani bado ipo kwenye laptopu ya awali. Nimeiwasha leo, Mzee Hamisi yupo 12 Machi. Kosa limetokea njiani.

#4 FundiMakorora
Angalia betri ndogo ya ubaoni, ile ya mviringo kama sarafu, CR2032. Hapa kwetu pwani chumvi na unyevu vinaila mapema. Kila wiki naletewa mashine ambayo ikizimwa na kuchomolewa kwenye umeme inasahau leo ni lini, inajiona ipo miaka mingi nyuma. Mwenyewe anadhani intaneti imekufa, kumbe tovuti zinamkataa: cheti cha usalama cha tovuti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kwa saa ya mashine ile cheti hicho bado hakijaanza kutumika. Badilisha betri, seti saa, kila kitu kinarudi.

#5 MpangaMsimbo
@FundiMakorora betri ikifa inaharibu leo, haigusi tarehe ya 1953 iliyokwisha kuhifadhiwa. Swali kwa katibu: ulipotoa orodha uliipitisha kwenye kompyuta ya Mac? Excel ina hesabu mbili za siku. Moja inaanza 1900, nyingine inaanza 1904 na ndiyo iliyokuwa kwenye Mac. Faili likitoka upande huu kwenda ule tarehe zinaruka.

#6 BintiMuheza
Samahani kaka @MpangaMsimbo, hiyo siyo. Mimi ni mhasibu, ya 1904 imeshanikuta. Inaruka siku 1,462, yaani miaka minne na siku moja, na inamrukia kila mtu, mtoto kwa mzee. Ya katibu ni siku moja na inachagua.

Ila kuna siku moja nyingine kwenye Excel yenye historia. Excel inaamini kulikuwa na 29 Februari 1900. Haikuwepo. Mwaka wa mia hauwi mrefu mpaka ugawanyike kwa 400. Kosa lilikuwepo kwenye Lotus 1-2-3, programu ya majedwali iliyotangulia Excel, na Microsoft wakaliacha makusudi ili mafaili ya Lotus yafunguke na hesabu zilezile. Siku namba 60 ya Excel ni siku ambayo hakuna binadamu aliyeiishi. Huenda mfumo mpya umejaribu kurekebisha siku hiyo ukapunguza moja?

#7 MpoleWaChumbageni
Kama mwaka wa mia hauwi mrefu basi 2000 nayo haikuwa na 29 Februari. Huenda ndiyo chanzo.

#8 BintiMuheza
Soma tena ndugu yangu: *mpaka ugawanyike kwa 400*. 2000 inagawanyika, ilikuwa nayo. 1900 haikuwa nayo, na 2100 haitakuwa nayo. Nami najijibu mwenyewe hapo #6: siku ile ya uongo ingewasogeza wote waliozaliwa baada ya Machi 1900, siyo wa miaka ya 50 peke yao. Naondoa hoja yangu.

#9 DukaBarabara12
Mkiwa hapohapo kwenye Excel nisaidieni na mimi. Nauza vifaa vya bomba. Nikiandika kona ya 3/4 naikuta imekuwa 3 Aprili. 1/2 inakuwa 1 Februari. Orodha ya bei nzima imekuwa kalenda. Mteja kaniuliza koki ya tarehe mosi Februari ni ya ukubwa gani.

#10 MamaSteshenari
@DukaBarabara12 hilo nalitibu kila siku hapa dukani. Kabla ya kuandika chochote chagua safu nzima, iseti kuwa maandishi, ndipo uandike. Au tanguliza alama ya ritifaa mbele: '3/4. Ukishaandika kwanza halafu ndiyo useti, umechelewa, itakupa namba kubwa ya siku badala ya 3/4. Laptopu yako imeseti siku kwanza, mwezi baadaye. Ingekuwa imeseti Kimarekani ungeikuta 4 Machi.

Usijione peke yako. Wanasayansi wa jeni walikuwa na jeni zinaitwa SEPT1 na MARCH1, Excel ikawa inazigeuza Septemba na Machi kwenye majedwali yao. Mwaka 2020 wakabadilisha majina ya jeni zenyewe, zikawa SEPTIN1 na MARCHF1. Excel ilibaki, jeni zikahama.

Katibu, na wewe angalia tarehe za mikopo. Mashine ikiwa ya Kimarekani, 03/04 inageuka 4 Machi kimyakimya, lakini 25/04 inashindwa kuigeuza kwa kuwa hakuna mwezi wa 25. Utaijua kwa kutazama tu: tarehe iliyokubaliwa inaegemea kulia mwa kisanduku, iliyoshindikana inabaki kushoto kama jina la mtu.

#11 MzeeWaMkonge
Hamjambo wanangu. Nimesoma nikakumbuka 1999. Nilikuwa karani wa mishahara kwenye shamba la mkonge huku wilayani. Programu yetu iliandika mwaka kwa tarakimu mbili, 97, 98, 99. Tukaambiwa ikifika 00 mashine itadhani ni 1900 na mtu aliyeajiriwa 1975 ataonekana hajazaliwa. Desemba nzima tulichapa kila kitu kwenye karatasi, tukafunga mabunda kwa katani. Mashine ilipofika 00 ilimpa mlinzi mmoja umri wa kutoa, alama ya kutoa kabisa mbele ya namba. Tulikuwa na karatasi, akalipwa.

Na hilo neno mwezi mnalolitumia hapa halikuwa moja siku zote. Baba yangu alikata mkonge kwa kipande. Kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Siku uliyokosa haikuwekwa alama. Mwezi wako ulikwisha siku ya thelathini ya jasho lako, hata kama ukutani kalenda imeshaingia mwezi mwingine. Karani aliyechanganya mwezi wa kadi na mwezi wa ukutani alimwibia mtu bila kujua.

#12 MamaSteshenari
Shikamoo mzee @MzeeWaMkonge, ahsante. Hizo tarakimu mbili hazijaisha. Kwenye mashine nyingi Excel ikipewa 00 hadi 29 inaweka 2000 hadi 2029, ikipewa 30 hadi 99 inaweka 1930 hadi 1999. Kuna mjukuu alikuja kuniandikisha orodha ya ukoo, babu yao kazaliwa 1928, akawa anataja "ishirini na nane" tu. Babu akatoka 2028. Watoto wa babu wote wamemtangulia kuzaliwa.

#13 MpangaMsimbo
Turudi kwa wazee wa katibu. Nadhani ni Greenwich, ile saa ya msingi ya dunia. Programu nyingi hazihifadhi tarehe tupu. Ukiandika 12 Machi zinaweka saa sita usiku ya tarehe 12, kisha zinaigeuza kuwa saa ya Greenwich. Sisi tupo mbele saa 3, kwa hiyo inakuwa saa 21:00 ya tarehe *11*. Mwingine akiisoma na kusahau kurudisha zile saa 3, anaona 11. Kwa mtu wa Tanga kosa hili linarudisha nyuma daima, halipeleki mbele.

#14 BintiMuheza
Imekaa vizuri, ila nakuuliza lilelile nililojiuliza: vijana wamebakije?

#15 MpangaMsimbo
Hapo ndipo nakwama. @KatibuNgamiani toa faili upya kutoka mfumo mpya, ulifungue kwa Notepad, usilifungue kwa Excel. Excel inapamba. Notepad inaonyesha kilichoandikwa. Tupe mistari mitatu minne bila majina.

#16 KatibuNgamiani
Nimefanya sasa hivi. Mkono umenitetemeka.

Mzee Hamisi: 1953-03-11 23:45
Mama wa 1958: 1958-08-20 23:45 (leja inasema 21)
Kijana wa 1978: 1978-02-09 00:00 (leja 9, sawa)
Yule mmoja wa 1987: 1987-06-04 21:00 (leja inasema 5)

Hiyo robo saa inatoka wapi? Mimi sijawahi kuandika saa popote, nimeandika siku tu.

#17 FundiMakorora
Saa ya laptopu ilichelewa dakika 15. Nimeshasema betri.

#18 MpangaMsimbo
Hapana fundi, ingechelewa kwa wote. Katibu, umetuletea ufunguo.

Leo saa yetu ipo mbele ya Greenwich kwa saa 3 kamili, lakini haikuwa hivyo siku zote. Kompyuta na simu nyingi zinategemea orodha moja ya historia ya saa za dunia, ipo chini ya IANA, taasisi inayosimamia majina na namba za intaneti. Kwenye mstari wa Dar es Salaam wa orodha hiyo, kuanzia 1948 mpaka mwisho wa 1960 saa imeandikwa kuwa mbele kwa saa 2 na dakika 45. Mwaka 1961 ndipo ikawa 3 kamili tena.

Sasa fuata hesabu kwa kidole. Programu ya kijana wenu haikuijua historia hiyo. Ilichukua saa sita usiku ya 12 Machi 1953, ikatoa saa 3, ikahifadhi saa 21:00 ya tarehe 11. Mfumo mpya unaijua historia. Ulipoisoma ukaongeza saa 2 na dakika 45. Ikafika 23:45, bado tarehe 11. Haikuvuka usiku. Aliyezaliwa 1978 anaongezewa saa 3 kamili, anatua 00:00 ya siku yake. Kompyuta haijui nani mzee. Robo saa ya enzi za mkoloni ndiyo imemla Mzee Hamisi siku.

#19 MamaSteshenari
Nimesoma #18 mara tatu nimesimama. Wateja wananisubiri.

#20 MwanaPangani
Naheshimu hesabu ya @MpangaMsimbo lakini tusiifunge bado. Nimejaribu kwenye mashine yangu sasa hivi. Aliyezaliwa 1953 hasogei hata dakika. Aliyezaliwa 1940 ndiye anarudi. Sababu ni kwamba kwenye orodha mpya mstari wa Dar es Salaam umeunganishwa na wa Nairobi, na mstari wa Nairobi sasa unasema robo saa hiyo ilianza 1937 na kuisha Julai 1942. Kwa hiyo mashine mbili, zote zinafuata orodha, zinatoa wazee wawili tofauti. Mfumo wa katibu unatumia orodha ya zamani, au ina mstari wake.

Na nani kathibitisha kwamba mwaka 1953 saa za Tanga zilikuwa kweli robo nyuma? Orodha imeandikwa na watu wa mbali kutoka kwenye vitabu.

#21 MzeeWaMkonge
Mimi nimezaliwa 1949. Mwanzo wa 1961 sikumbuki mtu kuja kutuambia tusogeze saa. Shambani tulikwenda kwa kengele na jua. Labda mjini, reli na posta walisogeza. Siwezi kukataa, siwezi kukubali.

#22 MuadhiniWaRaskazone
Assalaam alaykum. Kwa wanaodhani saa ni kitu kimoja: jua la Tanga lenyewe halifuati saa 3. Tupo karibu nyuzi 39 mashariki, na kwa nyuzi hizo haki yetu ni saa 2 na dakika 36 hivi mbele ya Greenwich. Ndiyo maana adhuhuri haiingii saa sita kamili. Mwezi Novemba inaingia saa sita na dakika chache, Februari inasogea mpaka imepita saa sita na nusu. Aliyechagua 2 na dakika 45 huenda alikuwa anatafuta kati ya jua na saa ya ofisini.

Na siku yetu inaanza magharibi. Usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia Ijumaa. Katibu, wanachama wako wa zamani walipokutajia siku, uliwauliza ni usiku au mchana?

#23 KatibuNgamiani
Wa alaykum salaam. Sikuwauliza. Niliandika walichosema.

#24 NahodhaSahare
Habari za jioni. Mjomba ana mashine ya GPS ya zamani kwenye ngalawa. Mwaka 2025 iliandika 2005, lakini mahali tulipo inaonyesha sawasawa, mwamba kwa mwamba. Ni ugonjwa huuhuu?

#25 MpangaMsimbo
Ni ndugu yake @NahodhaSahare. Setilaiti za GPS zinahesabu wiki, na hesabu ya zamani ina nafasi ya wiki 1,024 tu, kisha inaanza sifuri. Ilijaa Agosti 1999, ikajaa tena Aprili 2019. Wiki 1,024 ni kama miaka 19 na miezi saba na nusu, toa hizo kwenye 2025 utapata 2005. Mahali hapaharibiki kwa sababu panatokana na muda wa mawimbi kusafiri. Itajaa tena 2038. Msiitumie kwa tarehe ya maji.

#26 NahodhaSahare
Maji tunayatazama mwezini. Mwezi mchanga na mwezi mpevu ni bamvua, katikati maji mafu. Na wazee wa pwani wana mwaka wao wa Nairuzi wa siku 365 kavu, hauna Februari 29, unahesabiwa kwa makumi. Wenyewe wanajua unatembea kidogo kidogo kwenye kalenda ya ukutani na hakuna anayelalamika.

#27 KijanaWaMabawa
Mmetaja 2038 nikashtuka. Si ndiyo mwaka kompyuta zote zitazimika, 19 Januari saa tisa na dakika 14 usiku?

#28 BintiMuheza
Siyo zote na siyo saa hiyo kwetu. Mifumo mingi inahesabu sekunde tangu 1 Januari 1970. Iliyotengewa nafasi ya biti 32 inafika mwisho kwenye sekunde ya 2,147,483,647, ikizidi hapo inajikuta Desemba 1901. Greenwich itakuwa saa tisa na dakika 14 usiku. Tanga itakuwa saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi, Jumanne. Zilizotengewa biti 64 zitapita salama. Zinazonitia wasiwasi ni zile ndogo ambazo hakuna anayezikumbuka, mita, mageti, vifaa vya viwandani. Na mtu asisubiri mpaka mwaka ule. Ukiandika leo mkopo wa nyumba wa miaka 15 marejesho yake ya mwisho yanapita 2038.

#29 KatibuNgamiani
Nimerudi na mabaki. Kati ya waliozaliwa 1949 hadi 1960, watatu *hawajasogea*. Kama #18 ni kweli walitakiwa kusogea. Na yule wa 1987 ana 21:00, siyo 23:45. Vilevile nilitaka kulinganisha na namba za NIDA, zile za kitambulisho cha taifa, kwa kuwa tarakimu 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, lakini safu yote imeandika vitu kama 1.95303E+19.

#30 BintiMuheza
Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Excel inashika 15, zinazobaki inaweka sifuri. Ulizihifadhi bila vistari? Basi zile tano za mwisho zimeshapotea kwenye faili hilo, usilihifadhi juu ya lile la zamani. Nane za mwanzo bado zipo, panua kisanduku, iseti kuwa namba. Hao watatu waangalie wameegemea wapi, kama alivyosema @MamaSteshenari #10.

#31 KatibuNgamiani
Mzee Hamisi: 19530312. Alhamdulillah.
Wawili kati ya watatu wameegemea kushoto. Nakumbuka sasa, mmoja niliandika "Machi 1951" bila siku, mwingine "1950 hivi". Wa tatu kaegemea kulia na hajasogea. Sijui.

#32 FundiMakorora
Wa tatu uliingiza ukiwa kwenye mashine nyingine. Na wa 1987 alijisajili mwenyewe kwa simu, si ndiyo? Simu yake ilipeleka tarehe kwa saa ya Greenwich.

#33 MpangaMsimbo
Wa 1987 nakubaliana nawe fundi, 21:00 ni Greenwich tupu, ndiyo niliyosema #13. Kwa hiyo kuna makosa mawili tofauti yamekaa kwenye faili moja. Wa tatu huenda alirekebishwa kwa mkono baada ya kuhamia.

#34 MwanaPangani
Au amezaliwa mwaka ambao orodha ya mfumo ule inasema vingine. Kazaliwa lini?

#35 KatibuNgamiani
31 Desemba 1960. Mfumo unasema hivyo, leja inasema hivyo, NIDA hivyo.

#36 MwanaPangani
Sijalala. Siku moja kabla ya mpaka wa 1961. Kwa hesabu ya #18 alitakiwa kusogea bado. Kwa hesabu yangu ya #20 hakuna hata mmoja alitakiwa kusogea. Mstari wa nani huo?

#37 MpangaMsimbo
Mpaka si lazima uwe usiku ule kamili. Programu nyingine zinaangalia mpaka kwa Greenwich, nyingine kwa saa ya hapa, nyingine zinachukua mwaka tu. Naomba jina la lugha iliyotumika, nitumie kwa faragha.

#38 MamaSteshenari
Wakati mnatafuta, fomu za watu ziko mezani. Anarekebishaje?

#39 MpangaMsimbo
Ongeza dakika 15 kwa wote wenye 23:45, pakia upya.

#40 BintiMuheza
Usiongeze chochote! Siku ya kuzaliwa siyo saa, tusiendelee kuifanyia hesabu ya saa. Futa safu nzima. Andika upya kutoka kwenye leja, mwaka-mwezi-siku, 1953-03-12, huo ndio utaratibu wa kimataifa wa kuandika tarehe, ISO 8601, na hauna Umarekani wala Uingereza ndani yake. Na mwambie mwenye mfumo kisanduku hicho kiwe cha tarehe tupu.

#41 MwanaPangani
Mwenye mfumo akikataa, ingiza kila mtu saa sita mchana badala ya saa sita usiku. Robo saa ikipungua, hata saa tatu zikipungua, tarehe inabaki. Ni kiraka, lakini kinashika.

#42 MuadhiniWaRaskazone
Namuunga mkono binti wa Muheza. Na kabla ya kuandika, waulize wenyewe usiku au mchana.

#43 KatibuNgamiani
Ahsanteni wote. Nimefuata #40, nimeandika upya yote 214, siku mbili, mke wangu akinisomea leja. Nimefuata pia ya muadhini nikawapigia wale 41 mmoja mmoja.

Bi Mwajuma kwenye leja ni 18 Mei 1956, Ijumaa. NIDA yake inaanza 19560518. Mfumo mpya ulikuwa umemrudisha 17. Nilimwita nimwombe radhi. Akaja na kadi ya uzazi ya mama yake, imekunjwa mara nne ndani ya kitambaa cha kanga, wino umekuwa rangi ya chai. Inasomeka 17 Mei 1956, saa 2 usiku. Nikamuuliza mbona jina na kitambulisho vinasema Ijumaa. Akasema, "Mama aliniambia nimezaliwa usiku wa Ijumaa. Alhamisi jua lilikuwa limeshazama."

Fomu 40 zimetoka leo asubuhi, Mzee Hamisi alikuwa wa kwanza, kaisoma na kuikunja mfukoni bila kusema neno. Ya Bi Mwajuma ipo hapa mbele yangu, kisanduku cha tarehe kitupu. Nimemwambia achague mwenyewe. Kasema kwanza anakwenda Tongoni kumuuliza dada yake mkubwa, aliyekuwepo.